Fungu la Nyumba ya Mwisho

Sharafiya, Jeddah
Jumatano, baada ya alasiri

Kaka yangu mpendwa Famau,

Assalaam alaykum. Nakuamkia kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa wake, na kabla sijakuuliza hali naiweka hoja yangu wazi, kwa kuwa unanijua sijui kuizungukia: kijiji chetu cha Mwambani hakistahili kuruhusiwa kuvua hata nguva mmoja, sembuse wale wawili kwa mwaka mnaowaombea kibali, na wa kwanza kusema hivyo tulipaswa kuwa sisi wenyewe kabla ya serikali.

Sasa nakuuliza hali. Magoti ya mama yanaendeleaje? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi, ila nimechoka uchovu usioondoka kwa usingizi. Kule Riyadh, katika ofisi yetu ya Malaz, kazi yangu ni kutazama picha za Bahari ya Shamu zilizopigwa kutoka angani, nikitafuta kivuli cha kijivu juu ya nyasi za bahari. Mtoto wa Mwambani anatafuta nguva katikati ya jangwa! Siku nyingi sioni kitu, macho yananiwasha, na nikitoka nje joto hunipokea mlangoni kama mtu anayenidai. Wiki hii nimeletwa Jeddah kwa mkutano. Kafili, yaani mwajiri anayenidhamini, bado hajanifanyia upya ikama, kibali changu cha kuishi huku, kwa hiyo kila nimwonapo askari najikuta nimeanza kutunga maelezo kwa Kiarabu changu kibovu.

Nimefikia kwa Wesley, yule muuguzi wa Kakamega tuliyeishi naye chumba kimoja Malaz kabla hajahamia huku. Nilipomsimulia habari za ombi lenu, aliangua kicheko hata wali ukampalia. Alisema eti sisi watu wa Lamu hatuna haya, tunamla mnyama anayenyonyesha, ilhali kwao mwenye maziwa hukamuliwa. Nikamwambia anyamaze, kwani kwao wanakula kumbikumbi na hakuna aliyewaundia tume. Akaniita profesa wa samaki, nami nikakutetea kwa bidii zote. Nilimweleza kwamba babu zetu walimla nguva vizazi na vizazi wasimmalize. Kwamba meli za kukokota nyavu huwaua bila hata kujua zimewaua. Kwamba sheria za njaa huandikwa na walioshiba. Nilikuwa nashinda, kaka, na nilifurahi kushinda.

Kisha akaniuliza jambo moja tu: nguva walipopungua, ni nini kilichowazuia babu zenu?

Nikamweleza mila yetu kwa majivuno. Kwamba nyama ya nguva kwetu haiuzwi. Kwamba mgawaji huanzia msikitini, akaenda nyumba kwa nyumba hadi ile ya mwisho kule mikokoni, ambayo ndiyo ya mama. Fungu lisipofika nyumba hiyo, jarife zote, zile nyavu kubwa za kumnasia nguva, hutundikwa, na hakuna anayemgusa nguva mpaka wazee waone majike yanaogelea na watoto wao tena. Wesley akasema kwamba hiyo ni sheria nzuri kuliko nyingi alizosikia, kisha akataka kujua ni lini jarife zilitundikwa mara ya mwisho.

Kilichonijia ni sauti yako uliyonitumia baada ya Idi, ukisimulia huku ukicheka kwamba nguva wa safari hii alikuwa mdogo, mkamkata vipande vyembamba, na ilipoonekana bado hatoshi ukaagiza nyama ya ng'ombe kutoka Mokowe, mkaichanganya humo humo ili pasiwe na mtu wa kulala bila fungu. Nami nilicheka nawe. Mama naye aliniambia kwa simu kwamba amepata finyango moja ya nguva na tatu za ng'ombe, na kwamba tangu uwe mgawaji hujamruka hata mara moja.

Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa huruma. Mlango uliotakiwa kukosa ulikuwa wetu, na mgawaji alikuwa mwanawe. Ni mwana gani angempita mamake na chungu kitupu mbele ya kijiji kizima? Kwa hiyo fungu likawa linafika kila mwaka, na bahari haikufungwa. Jike la nguva huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Haliwezi kushindana na huruma yetu. Najua utanitajia zile meli. Nakubali, zina lawama kubwa kuliko yetu. Lakini tutawaambiaje wenye meli waache, nasi tumeficha uchache wa nguva chini ya nyama ya ng'ombe?

Sasa nikwambie lililoniketisha kuandika, ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa wengine. Katika ombi lenu mlinitaja kuwa mtaalamu wenu, na ofisi inayolishughulikia ikaniandikia kutaka maoni yangu. Nilijibu jana. Nimeshauri ombi likataliwe, na Mwambani ipewe mamlaka ya kisheria ya kuzifunga nyasi zake dhidi ya jarife na dhidi ya meli pia. Habari ya nyama ya ng'ombe nimeieleza yote. Nimetia sahihi kwa jina langu kamili, na jina la baba yetu limo. Sikukuuliza kwanza, kwa kuwa ungenikataza, na ungenikataza ningekutii.

Nisalimie shemeji, wanao, na wazee wote wa kamati iliyoandika ombi, hata wale watakaokataa salamu zangu. Mama nibusie mikono. Yeye nitamweleza mwenyewe akikubali kupokea simu yangu.

Ila wewe usinijibu kwa simu, wala usinitumie sauti. Ijumaa baada ya sala, watu wakiwa bado wamekaa, simama uisome barua hii yote, pamoja na mahali nilipokutaja, kisha unijibu mbele yao: mwaka huu fungu lilifika nyumba ya mwisho, au halikufika?

Ni mimi mdogo wako,
Lali Shee Bwanaheri