Chungu cha Mama Kimeishia Getini

Jumapili, Musinzira. Mvua ya Gitega inanyesha tangu asubuhi na kanisani sikwenda. Nina hasira, na Mungu anajua.

Jana nilikuwa kwetu Muyinga. Jengo jipya la mahakama limepewa jina la marehemu jaji wetu. Mama alipopata habari hiyo, alianza kutengeneza impeke, pombe yetu ya mtama.

Miaka ile tuliporudi kutoka Tanzania tulimkuta Mzee Karoli analima shamba letu. Hakuliiba, alipewa zamani tulipokuwa ukimbizini. Kaka zangu walitaka kupigana. Jaji hakutuita ofisini. Alikuja shambani kwa miguu, akazunguka mipaka, akasikiliza pande zote, akaligawa shamba katikati. Halafu akaagiza chungu cha impeke. Akawakalisha Mama na Mzee Karoli kwenye mpaka mpya, wanywe chungu kimoja, kila mtu na mrija wake.

Siku ile Mama alikunywa huku analia kwa uchungu. Lakini tangu hapo kila mavuno wanarudia, wala hakuna anayewalazimisha.

Kwa hiyo jana walikuja wote wawili kwenye uzinduzi. Mzee Karoli ndiye aliyebeba chungu, maana Mama mgongo unamsumbua. Walitaka kukinywea ndani ya nyumba yenye jina la jaji wao, basi.

Mlinzi akatuzuia getini. "Pombe haiingii, mama. Hii iko nyumba ya serikali." Akaitazama na miguu yao yenye matope.

Na ndani wageni walikuwa wanakunywa bia. Chupa niliziona kwa macho yangu.

Nilimtolea mlinzi maneno ambayo siyaandiki hapa. Mama akanivuta mkono.

Wakakaa nje, chini ya ukuta, wakatoa mirija yao. Kwenye spika mkubwa mmoja alikuwa anamsifu jaji aliyewafuata wananchi mpaka mashambani. Sisi wa mashambani tulikuwa pale nje, tunanyeshewa. Nimeshiba hotuba za namna hiyo.

Mama hajui kusoma. Akaniomba nimsomee maandishi ya ukutani, nikamsomea jina la jaji.

"Na kesi za mashamba zitaamuliwa humu?"

Nikamwambia ndiyo.

Akaufuta mrija wake kwa kitenge, polepole. "Sasa sisi tutaingilia wapi?"

Mavuno yajayo chungu nitakibeba mimi mpaka getini pale pale, na siku hiyo Mama asinivute mkono.