Poivron za Mutu Moja

Bukavu, siku ya posho, yaani Jumamosi, mwezi wa tisa.

Mvua inanyesha tangu asubuhi, ile nyembamba isiyokwisha. Toka huku Kadutu ziwa halionekani kabisa. Nimekaa mlangoni na mbegu mapajani, na sielewi kwa nini kuchagua poivron kunanitoa machozi. Ni pilipili zisizowasha tu, basi.

Kisahani kimoja kina mbegu za zile kubwa nene, za bustani ya misheni. Kingine kina za zile ndefu nyembamba, ambazo mama mmoja wa Idjwi aliniletea na mashua. Nyuma ya nyumba nina matuta manne, nafasi ya aina moja.

Zile kubwa ni za mume wangu, Papa Riziki. Nazijaza nyama na mchele, anakula mbili na kulamba vidole. Alienda Shabunda kutafuta dhahabu kiangazi cha mwaka jana, akasema Noeli atakuwa mezani. Noeli ikapita. Binti yetu Riziki ameolewa Kamanyola, ana watoto wake wa kuangalia.

Niseme ukweli. Msimu uliopita nilipanda kubwa. Poivron moja nilikula siku mbili, nusu ikinyauka chini ya sahani. Zingine nilitupa, maana niliona haya kuzigawa, majirani wasije wakajua nakula peke yangu.

Kana kwamba hawajui.

Leo tumefanya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mitaro, na mvua yake hivyo hivyo. Jirani yangu Maman Faida akaniuliza napanda nini. Nikamwambia bado nachagua. Akasema, huku anavuta matope na jembe:

— Panda za Idjwi, Maman Riziki. Ile iko ya mutu moja. Zile kubwa utaozesha bure.

Angekuwa ananisengenya ningemjibu, kinywa ninacho. Lakini alikuwa ananishauri tu. Niliinama, nikaendelea kuchimba.

Sasa ni jioni. Saa kumi nimemwaga mbegu za Idjwi kwenye kitalu na kufunika na majani ya ndizi. Za kubwa nimempa Maman Faida, zote. Kwake wanakula watu saba. Alipokea kwa mikono miwili.

Kisha nimeandika barua. Katekista wetu anaenda Shabunda siku ya kwanza ya juma, amekubali kuibeba. Nimemweleza Papa Riziki habari za bati linalovuja, za wajukuu, za mvua. Mwishoni nikaandika kwamba nimepanda zile kubwa, matuta yote manne, na kwamba Noeli zitakuwa tayari.

Miaka ishirini na mbili ya ndoa, sijawahi kumdanganya. Bahasha nimeibandika na uji wa muhogo haraka haraka, nisije nikaifungua na kufuta.

Mungu anisamehe. Sitaki hata uongo huu ufichike. Aje tu, aketi mezani, aniulize ziko wapi.