Injini Uliyoiosha

Galesburg, Illinois
9 Julai 1996

Kwa mdogo wangu Delbert,

Mimi sasa nina miaka themanini na tatu. Nimezizika injini za mvuke, nimeizika kampuni ya reli iliyoniajiri, nimemzika hata daktari aliyenikataza nyama ya nguruwe. Usidhani nitakufa kabla sijakujibu.

Hujambo wewe, na shemeji Lorene hajambo? Joto la Tucson halijawakausha? Mimi mzima. Goti linauma, mdomo hauumi. Mahindi huku yamefika kiunoni.

Barua yako nimeipata. Unasema nimekununia miezi miwili kwa sababu ya kidude cha kuchezea. Wewe uliuza mafriji maisha yako yote, sikushangai.

Kidude hicho ni injini ya treni ya dizeli, yenye pua ya mviringo, ile ile niliyoiendesha hadi Denver miaka na miaka, na hakuna dereva aliyefika kwa saa kama mimi. Nimeiunda upya kwa bati, ndogo, ienee kutoka kiwiko hadi vidoleni. Ngazi zake nyembamba kama sindano, feni za paani ukizipuliza zinazunguka. Mji huu hakuna mwingine awezaye.

Lakini langu ni bati tu. Uchafu wa kuifanya ifanane na ya kweli ulikuwa wa Verna. Mke wangu alikaa meza ya jikoni na brashi ya nywele tatu, akaitia masizi paani, kutu magurudumuni, vumbi la Nebraska puani, yote kwa unga wa chaki na jivu la jiko letu. Alikuwa ameshaanza kuumwa. Akanitania, "Miaka arobaini nakufulia masizi, Orville. Leo nayarudisha yalikotoka." Hakushika kazi nyingine tena baada ya hiyo.

Ukaja wewe, eti kunisaidia kwa maonyesho ya treni ndogo. Nimetoka kunyolewa, nakukuta kwenye sinki na mswaki na sabuni ya vyombo. "Kaka, uliiacha imejaa vumbi hivi? Tazama sasa."

Wendell kinyozi, niliyeingia naye, akakwambia taratibu, "Del, hilo halikuwa vumbi."

Ukacheka. "Lilikuwa nini basi, pilipili?"

Kwenye maonyesho niliiweka mbele, kwa kuwa nilishaahidi. Wakapita wazee niliofanya nao kazi, wakaniuliza nimeinunua duka gani. Mimi.

Sasa unaniandikia niipake mengine. Chaki ninayo, jivu ninalo, na mkono wangu hautetemeki. Nitapaka, utakuwa uchafu wa Orville. Wa nini?

Tena unaomba nikifa uachiwe wewe. Usingoje. Imo kwenye boksi lililokuja na barua hii, nimeizungushia matambara. Chukua, inang'aa, ni yako. Yangu uliimwaga kwenye sinki.

Msalimie Lorene sana, yeye hakugusa kitu. Wasalimie na wajukuu. Mungu akupe umri mrefu, na akushike mikono.

Ni mimi kaka yako, kwa kuwa damu haina pa kutupwa,
Orville

Lorene akiuliza kama natia chumvi, amuulize Wendell Froehlich, alisimama mlangoni kofia mkononi. Au amuulize dada yetu Bernadine. Yeye ndiye aliyelifuta sinki, na analia mpaka leo.