Exaucée Hakukosea Muntu

Kamina, siku ya ine, tarehe 7/3/2024

Mpendwa yaya Kyabu, dada yangu mukubwa,

Mbele hata nikusalimie, acha niseme hii: nilimukosea mutoto wako Exaucée, mwenye uliniachia huku Kamina juu ya masomo, na weye pia nilikukosea. Nilitaka kuiweka ku mwisho wa barua, lakini nikaona nitaogopa, nitaifunga bila kuiandika.

Sasa nakusalimia, yaya. Uko muzima? Ule mugongo wako uliacha kukuuma? Na shemeji Edmond, kazi yake ya ku mupaka inaenda? Shiye huku tuko bazima. Mvua iko mingi, mahindi yetu inakomaa. Bamama ya mutaa yote bako banashonesha bikwembe, bitenge ya rangi moya, juu ya sikukuu ya banamuke ya kesho. Muke wangu Mbuyu anasema rangi ya mwaka huu inafanana na mukate wa kuungua, lakini na yeye alishonesha.

Minyi, ku mwili niko muzima. Ku roho, hapana.

Unakumbuka mwezi wa pili, wakati tulimaliza kilio ya baba. Weye hukuweza kufika juu ya njia mubaya, basi nilikutumia ile karatasi yenye picha ya baba na kofia yake, na programu ya misa, na majina ya bana yote. Uliniambia ku simu kama uliibandika ku kikuta, na bajirani bako banauliza nani alifanya kazi ya muzuri vile. Nilikuyibu: ni minyi.

Yaya, haikuwa minyi. Exaucée njo aliiandika, ku ordinateur, ile kompyuta ya masomo yao, na akaitoa ku imprimante, ile mashini ya kuchapa, karatasi makumi sita. Minyi njo nilimutuma. Nilitaka bantu ya Kamina baone kama na shiye tunaweza kumaliza kilio na makaratasi ya kupigwa ku mashini.

Na unayua niko président ya comité ya bazazi ya banafunzi. Wakati balituletea zile ordinateur mbili, minyi mwenyewe nilisimama mu mukutano nikaweka règlement, sheria hii: mwanafunzi asiiguse nje ya saa ya somo, na mwenye ataigusa afukuzwe. Bote balinipigia mikono. Ile siku nilimutuma, Exaucée aliniuliza minyi manseba yake, ndugu ya mama: "Manseba, ile règlement si muliiandika benyewe?" Nikamuyibu: "Ile ni ya bana ya bengine." Tulicheka bote babili. Ufunguo ya chumba ya ordinateur, Exaucée alikuwa nao juu mwalimu Zuberi, mwenye kufundisha informatique, somo ya kompyuta, alimuaminia kupanguza vumbi mule.

Kisha ya kumaliza kazi, aliogopa baone jina yetu mu mashini. Akataka kufuta ile karatasi. Akakosea, akafuta dossier nzima, na mule ndani mulikuwa points, alama ya darasa ya sita yote. Balisema alifanya vile juu ya kuficha points yake ya mubaya. Yeye, mwenye alikuwa wa pili mu darasa!

Préfet Mukalay, mukubwa wa masomo, akaniita. Mu bureau yake tulikuwa bantu ine: préfet, mwalimu Zuberi, mutoto, na minyi. Exaucée alisema bila kutetemeka: "Nilikuwa naandika karatasi ya kilio ya nkambo, baba ya mama. Manseba njo alinituma."

Préfet akacheka. "Président, unasikia? Anakuingiza weye mwenyewe mu règlement yako!"

Mwalimu Zuberi na yeye akacheka. Haya ikanikamata, yaya, na nikacheka kuliko bote. Nikasema: "Préfet, minyi hata kutia simu umeme naombaka batoto. Ordinateur, nitaiambia nini? Huyu mutoto anasema bwongo."

Exaucée aliniangalia. Unayua kwetu namna gani: mutoto hakatalie manseba yake mbele ya bantu ya inje, hata akiwa na haki. Nilikuwa nayua ile. Nilikuwa naiyua mbele ya kufungua kinywa, na ile njo nilitegemea. Akainamisha macho, akasema: "Pardon, Monsieur le préfet. Ni minyi peke yangu."

Balimutoa ku darasa siku kumi na tano. Mangaribi ile weye ulisikia, ukapiga simu, ukamuita mwizi wa points, ukamuambia asifikirie tena kurudi kwako. Nilikuwa nimeikala pembeni yake, nasikia kila kintu. Yeye alikuwa anayibu tu: "Ndiyo, mama." Minyi nilikuwa nakula ndizi. Niliendelea kukula, yaya.

Kuanzia pale hajaninunia hata siku moja. Asubui ananiwekea mayi ya kunawa, ananisalimia, anauliza nililala namna gani. Angenitukana ingekuwa muzuri.

Juzi alikuya kunikuta naosha kinga yangu, ile baiskeli. Akasema: "Manseba, kama bananifukuza kabisa, munaweza kuniombea nafasi kwa mama Amida, ule anafundisha kushona ku soko? Mikono yangu iko myepesi, nitashika kazi mbio." Alisema vile pole-pole, sawa muntu mwenye kuomba chumvi. Nikamuambia tutaona. Akatoka. Minyi nikabaki na kitambaa mu mukono, sikuweza tena kuosha.

Siku ya pili, tarehe 12, conseil de discipline, ile ya kuhukumu banafunzi, itakutana. Bakisema afukuzwe, hatafanya examen d'État, mutihani wa kumaliza sekondari, na miaka sita ya masomo itapotea juu ya kiburi yangu.

Ku simu ningekata mbele ya kumaliza, njo maana nakuandikia. Mputu, chauffeur, dereva wa mutaa yetu, anatoka leo, aliniambia siku ya Mungu, tarehe 10, atakufikishia barua mukononi. Mbuyu nilimuelezea kila kintu yana. Akaniambia: "Kwanza uambie mama ya mutoto." Exaucée mwenyewe nilimuomba pardon leo asubui. Alisema, "Hakuna shida, manseba," na akaanza kulia.

Usinihurumie haraka, yaya. Lakini yeye, umurudishie jina yake.

Unisalimie shemeji Edmond, na Jean-Baptiste mudogo, umuambie ule mbwa wake alizaa bana tano. Unisalimie na mama Nyembo kama bado mupangaji wenu. Mungu alinde nyumba yako, akupe mugongo wa nguvu na usingizi wa muzuri.

Siku ya kwanza, tarehe 11, saa moya na nusu ya asubui, kisha ya kupandisha bendera, nitasimama mbele ya banafunzi na balimu bote, na Exaucée pembeni yangu. Nitasema minyi njo nilimutuma, na minyi njo nilisema bwongo. Kisha nitamurudishia préfet kachet, ule muhuri ya comité, niache kuwa président, na nitaomba niikale kila mangaribi na mwalimu Zuberi, minyi nimusomee points mu ma cahier, daftari ya balimu, yeye aziandike tena, mupaka zimalizike. Saa sita kamili simu yangu itakuwa mu mukono ya mutoto wako. Piga.

Ndugu yako mwenye kukupenda na mwenye haya,

Amédée Nday