Bata Wako Wamehamia kwa Nyanjige

Kumbukumbu ya mama yetu mpendwa, Generoza Masalu, wa Bariadi

Mwaka umekatika, Mayu, tangu ulipotuacha. Tulitaka tangazo hili liwe la sifa tupu, lakini haitawezekana. Ungetuuliza leo habari za nyumbani, hakuna kati yetu ambaye angejibu "mhola duhu", kwamba ni salama tu, akakutazama usoni.

Watu wanakukumbuka kwa mabwawa yako ya bata. Baba alipofariki, wengine walidhani utauza mwiko wake wa uashi. Wewe ukaushika, ukaanza kujenga nyuma ya nyumba za watu, hapa mjini, Nkololo, hadi Nkoma. Ulikuwa unasema bwawa lisilosafishika kabla chai haijachemka si bwawa, ni choo. Kwa hiyo sakafu yako ililalia kona moja, na juu yake ulipiga niru, ule uji wa saruji, mpaka kiganja kinateleza. Pale chini kabisa ukaweka bomba na kizibo chake: gunzi la mahindi lililovikwa kipande cha ndala. Ukivuta, maji machafu yanakwenda yenyewe kwenye migomba. Unapitisha ufagio, unaziba, unajaza. Basi.

Mjomba Salvatory alikutania mpaka akachoka. "Dada, Msukuma gani huyu anajengea bata bafu, na hata ndama hana?" Ukamjibu, "Wako wanalala kwenye mavi, wangu wanaoga." Na hukuwahi kuchinja hata mmoja. Mgeni alipewa kuku, na bata alitambulishwa kwa jina.

Siku ya mazishi yako, turubai la wakwe kutoka Mwanhuzi tulilifunga karibu na migomba. Mzee mmoja akaenda kunawa, akaona kizibo, akakivuta. Lo! Maji ya bata yakapita katikati ya viatu vya wakwe, wazee wazima wakawa wananyanyua miguu. Tulitamani ardhi ipasuke. Jioni ile ile Paschal, mwanao, akachukua saruji iliyobaki kaburini kwako akaliziba lile tundu, akalisawazisha vizuri. Sote tulisimama pale tukamwambia, "Umefanya la maana." Hakuna aliyekumbuka lile tundu lilikuwa la kazi gani. Miaka yote ulikuwa unasafisha mbele ya macho yetu, na hatukuwahi kukushika mkono hata siku moja.

Baada ya hapo ikawa kuchota kwa ndoo. Leo anachota Monika, kesho anasema ni zamu ya Elina, keshokutwa hachoti mtu. Maji yakawa ya kijani, yakanuka hadi barabarani. Bata wako walivumilia kuliko tulivyostahili. Kisha asubuhi moja wakajipanga foleni, wakatoka mlangoni, wakapita dukani, wakaenda kwa jirani Nyanjige, kwenye lile bwawa ulilomjengea yeye. Tangu hapo wanakwenda kila siku. Mtaa mzima unawaona, na mtaa mzima unajua wanatoka nyumba gani. Jioni tunakwenda kuwachukua tumeinamisha vichwa. Nyanjige anatusalimu, anasema, "Wameoga, wamekula." Wala yeye hatucheki. Afadhali angetucheka, Mayu.

Jumamosi hii Jumuiya wanakuja kukusalia hapa nyumbani. Benedikta, mkwe wako, akasema yeye hawezi kuwakaribisha watu wa sala kwenye harufu ile, na wewe ukiwa ndiye unayeombewa. Paschal akachukua nyundo na tindo. Saruji ile ilikuwa ngumu, na alilia akiigonga, mwanaume mzima, wala hatukumnyamazisha maana na sisi tulikuwa tunalia. Tundu likafunguka. Maji yakaondoka yenyewe, yakaenda kwenye migomba, kama ulivyoyapangia. Tukasugua. Elina akakata ndala yake akavika gunzi. Tukajaza maji mapya, na chai ilikuwa bado haijachemka.

Leo asubuhi tukawafungulia bata, tukasimama pembeni kama watu wanaosubiri majibu hospitalini. Yule jike mwenye doa jeusi, uliyemwita Bi Harusi, akafika ukingoni. Akainama, akaonja maji. Akatutazama mmoja mmoja. Kisha akageuka, wenzake wakamfuata, wakatoka mlangoni wakaenda kwa Nyanjige.

Hatuwalaumu. Tusamehe, Mayu.

Unakumbukwa na wanao Elina, Paschal na Monika. Mkwe wako Benedikta. Kaka yako Salvatory, ambaye siku hizi hatanii tena. Wajukuu wako wote. Na jirani yako Nyanjige, anayetutunzia tulichoshindwa kutunza.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu. Paschal amekwisha kuvuta kizibo, anasugua upya. Na kesho tutawafungulia tena.