Sahani ya Masika

Mama yangu wa Butembo, jambo sana toka Bunia!

Leo dada Masika na wenzake watano, wale wanaojitolea kubeba majeruhi, wamefanyiwa sherehe ya shukrani. Tulipokaa tu kula, simu ikalia: watu wamepigwa risasi kwenye barabara ya Djugu. Wale sita wakachukua kipoyi, ile machela ya kubebea majeruhi, wakaenda bila kuonja hata tonge moja.

"Si vita iliisha?" nikauliza.

"Iliisha kwa redio," mupishi wa sherehe akajibu.

Nilitaka kuondoa sahani ya dada, mupishi akanipiga mukono. Hapa chakula cha aliyetoka kinafunikwa tu, hakiguswi mpaka arudi.

Sasa mvua inanyesha, sombe ya majani ya muhogo imepoa. Musalimie baba, nawapenda sana. Umuombee Masika, mama, weye unajua kuomba kuliko miye. Sahani zote sita bado zimefunikwa.