Kiti chako kina mtu

Mwenzangu, nimeaibika, natamani ardhi inimeze.

Jana aliingia mgeni kwenye darasa letu la jioni la watu wazima, fundi cherehani, rika la mama zetu. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa pana mtu?"

Nikajibu, "Pana mtu."

Kiti chako! Nilikiwekea mkoba wa nepi za mwanangu, na wewe unaumwa kwenu!

Leo mwalimu kaniita: "Si wewe niliyekupa kazi ya kukaribisha wageni? Yule mama ameacha shule. Anasema darasa limejaa."

Limejaa! Nusu ya viti vitupu!

Nimemfuata kibandani kwake, mtoto mgongoni, nimwombe radhi. Hakuinua kichwa. Akasogeza kigoda kwa mguu: "Kaa. Hapa hapana mtu."

Nimelia, mwenzangu. Kesho anarudi.

Ukipona, tafuta kiti kingine.